Isnadi ya Kisasili: Albamu ya Sirius B na Swali la Msimuliaji

1.0 Utangulizi

Mgololo, katika Wilaya ya Mufindi mkoani Iringa, ni mahali ambapo msonobari hugeuzwa kuwa karatasi. Kiwanda kilichojengwa hapo kwa mkopo wa Benki ya Dunia na fedha za wafadhili wengine kilianza uzalishaji katikati ya miaka ya 1980, kikitegemea miti ya shamba la misitu la Sao Hill. Mahali pa namna hiyo hukusanya watu: Wahehe na Wabena wa nchi ile ile, pamoja na wafanyakazi waliotoka mikoa mingine. Lugha inayowaunganisha ni Kiswahili.

Mgololo basi ni mahali panapofaa kuanzia mjadala wa mhadhara huu. Karatasi ipo na Kiswahili kipo, navyo ni vyombo viwili vinavyotumainiwa kuhifadhi masimulizi ya jamii. Hata hivyo, kuwapo kwa chombo si hakikisho kwamba kilichomo kitavuka salama. Kisasili kinachosimuliwa kwa Kihehe au Kibena chaweza kabisa kufia njiani kati ya bibi na mjukuu anayesema Kiswahili tu. Na chaweza vilevile kuvuka kikiwa kimepoteza jina la aliyekisimulia.

Mhadhara huu unalichunguza tatizo hilo kwa kutumia mfano wa mbali: albamu ya muziki wa metali ya simfonia iitwayo Sirius B, iliyotolewa mwaka 2004 na bendi ya Therion ya Sweden. Mfano huu umechaguliwa kwa sababu moja. Wimbo uliobeba jina la albamu unachota katika masimulizi yanayohusishwa na watu wa Afrika, yaani Wadogoni wa Mali, na njia yaliyopitia masimulizi hayo hadi Ulaya imeandikwa kiasi cha kuweza kukaguliwa hatua kwa hatua. Hoja kuu ni kwamba nguvu ya kazi ya sanaa inayotumia kisasili haiwezi kupimwa kwa ukubwa wa sauti wala kwa uzuri wa utunzi pekee. Hupimwa pia kwa uzima wa mnyororo unaoiunganisha na kinywa cha kwanza. Mnyororo huo, kwa istilahi ambayo Waswahili wanayo tangu zamani, ni isnadi.

2.0 Dhana za msingi: kisasili, batini na isnadi

Katika uainishaji wa tanzu za fasihi simulizi ambao M. M. Mulokozi aliuchapisha katika jarida la Mulika mwaka 1989, kisasili kinatofautishwa na kisakale. Kisasili, kama jina linavyodokeza, hueleza asili ya mambo: asili ya watu, ya moto, ya kifo, ya ufalme. Huchukuliwa na wenyewe kuwa ni kweli, tena kweli tukufu. Kisakale husimulia habari za watu na matukio ya kale, aghalabu kwa kuchanganya historia na mambo ya ajabu. Tofauti hii itahitajika baadaye, zitakapojadiliwa Nyanda za Juu Kusini.

Dhana ya pili ni ile ya elimu ya batini. Katika mapokeo ya kitasawufi, elimu ina uso wa dhahiri na uso wa batini: kuna linalotangazwa kwa wote na kuna linalofunuliwa kwa aliyeandaliwa. Mgawanyo huo haupo katika Uislamu pekee. Jamii nyingi za Kibantu nazo zina maneno ya jandoni, ya msituni na ya kaburini ambayo hayasemwi barazani. Kwa hiyo, msanii anayetaka kutumia elimu ya siri anakabiliwa na maswali mawili: je, ameipata kwa nani, na je, aliyempa alikuwa na idhini ya kuitoa?

Isnadi ndiyo dhana inayounganisha mbili za kwanza. Wanazuoni wa hadithi za Mtume hawakuridhika na maneno matupu. Walidai majina ya wapokezi, mmoja baada ya mwingine. Kiungo kimoja kikikosekana, hadhi ya habari hushuka. Mwenendo unaokaribiana na huo umo pia katika utendi wa Kiswahili. Ni kawaida ya watunzi wengi wa tendi kujitaja mwishoni, pengine pamoja na mwaka, na kudokeza chuo walichokitoa kisa. Utendi wa Tambuka, ambao hati yake inabeba mwaka 1728, umehifadhi jina la Mwengo wa Athumani. Mtunzi wa namna hiyo ni bingwa wa sanaa, lakini pia ni mpokezi anayekubali kuulizwa.

3.0 Metali ya simfonia na albamu yenyewe

Metali ni muziki uliotokana na roki. Sifa zake kuu ni gitaa za umeme zenye sauti ya kukwaruza, ngoma nzito zinazopigwa kwa kasi, na mwimbaji anayetumia sauti kwa ukali, mara nyingine kwa kunguruma. Metali ya simfonia huongeza juu ya hayo okestra, kwaya na waimbaji wa opera. Matokeo yake ni muziki wa sauti nyingi mno kwa wakati mmoja, unaofaa kubeba masimulizi makubwa: vita vya miungu, kuumbwa kwa ulimwengu, kushuka kuzimu.

Bendi ya Therion ilianzishwa mwaka 1987 katika viunga vya Stockholm, na kiongozi wake tangu mwanzo amekuwa Christofer Johnsson. Jina lake ni neno la Kiyunani lenye maana ya mnyama. Ilianza kama bendi ya metali ya kifo, tawi lililo kali zaidi la muziki huo. Kwa albamu ya Theli ya mwaka 1996 ilijitokeza kuwa miongoni mwa waasisi wa mwelekeo wa simfonia. Mashairi mengi ya bendi hiyo katika kipindi kinachohusika yaliandikwa na Thomas Karlsson, mwanzilishi wa chama cha mafundisho ya siri kiitwacho Dragon Rouge. Kwa hiyo, mambo ya batini hayakuwa pambo tu la jalada. Yalikuwa shughuli ya mtunzi mwenyewe.

Sirius B ilitolewa Mei 2004 pamoja na albamu pacha iitwayo Lemuria, na kazi hizo ziliwahusisha wanaokestra na wanakwaya wa Prague. Sirius B ina nyimbo 11, na majina ya nyimbo hizo yanatosha kuonyesha upana wa shamba lililovunwa. Umo wimbo unaomtaja Kingu, ambaye katika kisasili cha Babeli damu yake ilitumika kuwaumba binadamu. Umo unaomhusu Persephone wa Wayunani. Zimo nyimbo mbili juu ya Kali Yuga, zama za giza katika hesabu ya Wahindu. Yupo Melek Taus, malaika-tausi wa Wayazidi. Ipo nchi ya Punt, ambayo Wamisri wa kale waliifuata kwa merikebu kutafuta ubani na manemane, na ambayo watafiti wengi huiweka pande za Bahari ya Shamu na Pembe ya Afrika. Mwishoni yupo Gurdjieff, mwalimu wa tasawufi ya zama zetu.

Kwa upande wa sanaa, kazi hii inastahili heshima. Kwaya haikuwekwa nyuma ya gitaa kama pazia. Mara nyingi ndiyo inayosimulia, huku waimbaji binafsi wakipishana nayo. Msikilizaji aliyezoea muundo wa kiongozi na kiitikio katika nyimbo za Kiafrika hatauona kuwa mgeni kabisa. Lakini orodha iliyotajwa inazua pia shaka: visasili vya mataifa mengi vimekusanywa katika ukumbi mmoja, na hakuna hata kimoja kinachomtaja msimuliaji wake.

4.0 Nyota ya Shira: isnadi iliyokatika

Sirius ndiyo nyota inayong'aa kuliko zote katika anga la usiku. Wasomaji wa Kurani wanaifahamu kwa jina la Shira, kwani imetajwa katika sura ya 53, An-Najm. Mwaka 1844 mwanafalaki Friedrich Bessel alitambua kutokana na mwendo wake kwamba ina mwenzi asiyeonekana. Mwaka 1862 Alvan Graham Clark alimwona mwenzi huyo kwa darubini huko Marekani. Mwenzi huyo ndiye Sirius B: nyota ndogo, nzito mno, inayozungukana na kubwa kwa muda wa takriban miaka 50. Kwa macho matupu haionekani.

Mwaka 1950 wanaanthropolojia wa Ufaransa, Marcel Griaule na Germaine Dieterlen, walichapisha makala wakidai kwamba Wadogoni wanaijua nyota hiyo. Kwa mujibu wao, Wadogoni huiita po tolo, yaani nyota ya punje ya fonio, nafaka ndogo kuliko zote, na husema kuwa ni nzito kupita kiasi. Griaule alikuwa amefika kwa Wadogoni tangu mwaka 1931, na mwaka 1946 alikuwa ameketi kwa siku 33 na mzee kipofu Ogotemmêli, mazungumzo yaliyotoa kitabu mashuhuri cha mwaka 1948. Alitegemea wakalimani. Habari za nyota zilijengwa juu ya mazungumzo na watu wachache, na ziliwasilishwa kama elimu ya ndani ambayo Mdogoni wa kawaida haijui.

Kiungo kilichofuata kilikuwa kitabu cha Robert Temple cha mwaka 1976. Temple aliichukua habari ya Griaule na Dieterlen, akaiunganisha na Misri na Babeli, akahitimisha kwamba elimu hiyo ililetwa duniani na viumbe waliotoka pande za Sirius. Hapo wazee wa Kidogoni waliacha kuwa wenye elimu, wakawa mashahidi wa elimu ya wengine. Ni kwa mkondo wa vitabu vya namna hiyo kwamba habari ya nyota ilienea miongoni mwa wapenzi wa mambo ya siri katika Ulaya na Marekani, na ni katika mazingira hayo wimbo wa mwaka 2004 ulizaliwa.

Wakati huo swali lilikuwa limekwisha kuulizwa upya. Mwaka 1991 mwanaanthropolojia wa Uholanzi, Walter van Beek, aliyefanya utafiti wa miaka mingi kwa Wadogoni, alichapisha tathmini ya kazi ya Griaule. Aliripoti kwamba hakumpata mtu aliyejua kuwa Sirius ni nyota mbili, na kwamba hata waliokuwa karibu na Griaule hawakuafikiana ni nyota ipi hasa iliyokusudiwa. Geneviève Calame-Griaule, binti yake Griaule na mtafiti wa lugha ya Wadogoni, aliitetea kazi ya baba yake. Mjadala huo una pande mbili, lakini funzo lake kwa wanafunzi wa fasihi simulizi ni moja: pale ambapo elimu inasemekana ni ya siri, imepokewa kwa mkalimani, kutoka kwa watu wachache, uthibitisho wake unategemea isnadi peke yake. Isnadi ikilegea, hakuna wa kuulizwa.

Haitakuwa haki kuutupia lawama hiyo muziki. Mtunzi wa wimbo si mwanaanthropolojia, na mshairi ana uhuru wa kuota. Kinachobainika ni kwamba kadiri kisasili kilivyosafiri, ndivyo sauti ilivyozidi kuwa kubwa na majina kuwa machache: kutoka mzee mmoja kizingitini, hadi makala, hadi kitabu cha sokoni, hadi okestra nzima na kwaya. Umati umeimba, msimuliaji hayupo.

5.0 Kisasili cha nyumbani nacho kina isnadi

Yaweza kudhaniwa kwamba dawa ni kila msanii kubaki na visasili vya kwao. Therion wenyewe walifanya hivyo katika albamu ya Secret of the Runes ya mwaka 2001, iliyojengwa juu ya dunia tisa za visasili vya watu wa kaskazini ya Ulaya. Lakini hata hapo mnyororo una viungo vyake. Sehemu kubwa ya visasili hivyo inajulikana leo kutokana na maandishi ya Iceland ya karne ya 13, hususan kazi ya Snorri Sturluson, aliyekuwa Mkristo akiandika juu ya miungu ambayo jamii yake ilikuwa imekwisha kuiacha. Msweden wa leo anayeimba habari za Odin anaimba kupitia kalamu ya mtu wa imani nyingine na wa nchi nyingine.

Hali hiyo haitofautiani sana na ya Tanzania, ambako visasili vingi viliandikwa kwanza na wamisionari, maofisa wa kikoloni na wanaanthropolojia. Nyumbani si mahali tu. Nyumbani ni mnyororo unaojulikana. Tofauti kati ya Snorri na Temple ni kwamba Snorri anajulikana alikuwa nani, aliandika kwa lugha ipi, na alinukuu tungo zipi za wahenga wake.

6.0 Muziki mzito wa Afrika Mashariki

Muziki wa metali si mgeni tena Afrika Mashariki. Nairobi ina jamii ya bendi na mashabiki wake, na kutoka huko imetoka mifano inayosaidia hoja hii. Mwaka 2020 kundi la Duma, la Martin Khanja na Sam Karugu, lilitoa albamu yenye jina la kundi kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Si metali ya simfonia; badala ya okestra kuna mitambo na kelele za kielektroniki. Lakini jina lake ni somo la isimu. Kwa Mswahili, duma ni mnyama mwenye mbio kuliko wote. Kwa wenye kundi, neno hilo limetoka katika Kikikuyu, na maana yake ni giza. Msikilizaji anayejua Kiswahili tu ataona mnyama pale palipokusudiwa usiku. Kisa hiki kidogo kinaonyesha jinsi lugha ya kuunganisha inavyoweza kuifunika lugha iliyo chini yake bila mtu kukusudia.

Mwaka 2024 Khanja, kwa jina la Lord Spikeheart, alitoa albamu yake ya The Adept. Jina hilo lina maana ya mtu aliyekwisha kuingizwa katika elimu ya ndani, na lebo aliyoianzisha inaitwa Haekalu, jina linalolirejesha sikioni neno hekalu. Msamiati wa batini umo basi kwa wingi. Hata hivyo, kazi hiyo imetabarukiwa kwa mtu mwenye jina: Muthoni wa Kirima, mama mkuu wa msanii huyo, mwanamke aliyefikia cheo cha juu kabisa katika jeshi la Mau Mau na aliyefariki Septemba 2023. Muthoni alifuga nywele zake za msituni kwa miongo mingi hadi zilipokatwa hadharani mwaka 2022. Hapa giza la muziki lina nasaba. Msikilizaji anayetaka kujua zaidi anajua pa kuuliza: kwa ukoo, kwa wazee wa Nyeri, kwa kumbukumbu za vita. Albamu ndogo isiyo na okestra imefanya jambo ambalo kubwa haikulifanya.

7.0 Nyanda za Juu Kusini

Iwapo siku moja msanii wa Iringa au Mbeya atataka kutunga albamu ya kiwango cha Sirius B kwa Kiswahili, atakuta nini? Malighafi haikosekani.

Upande wa kisakale yupo Mkwawa. Tarehe 17 Agosti 1891 majeshi yake yalikishinda kikosi cha Zelewski huko Lugalo. Ngome ya Kalenga ikaanguka mwaka 1894. Naye akajiua mwaka 1898 asikamatwe. Kichwa chake kikachukuliwa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ilirejeshe fuvu, na Gavana Twining akalikabidhi Kalenga mwaka 1954 baada ya kulichagua katika makumbusho ya Bremen. Wako wanaotilia shaka kama ndilo. Fuvu hilo nalo lina tatizo la isnadi: kiungo kati ya mwaka 1898 na 1953 hakikushikwa na mtu anayeweza kuulizwa. Kiswahili kimekwisha kumpokea Mkwawa jukwaani, kwa tamthilia ya Mulokozi ya Mukwava wa Uhehe ya mwaka 1979.

Upande wa kisasili ipo habari ya Lwembe, mfalme mtakatifu wa Wanyakyusa na Wakinga, na msitu wa Lubaga huko Rungwe. Kwa mujibu wa Monica Wilson, aliyefanya utafiti kwa Wanyakyusa pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, watemi walisimuliwa kuwa ndio waliowaletea watu moto na ng'ombe; na Lwembe, aliyebeba rutuba ya nchi mwilini mwake, hakuachwa afe kwa maradhi, bali alinyongwa ili nchi isidhoofike pamoja naye. Ni vigumu kufikiria kisa kinachofaa zaidi kwa kwaya na ngoma nzito. Lakini nyuma ya vitabu vya Wilson alikuwapo msaidizi na mkalimani, Leonard Mwaisumo, na nyuma yake wazee. Msanii atakayemtaja Wilson pekee atakuwa amekiruka kiungo. Na atakayeingia Lubaga na maikrofoni bila idhini ya wenye msitu atakuwa amesahau maana ya batini.

Upande wa ala, upo mfano mwema. Mwaka 1950 Hugh Tracey alirekodi muziki wa Tanganyika, ukiwamo wa ligombo, zeze la Wahehe lenye nyuzi zilizotandikwa juu ya ubao uliochimbwa kama mtumbwi mdogo. Mpigaji mmoja amehifadhiwa katika rekodi hizo kwa jina lake, Pancras Mkwawa. Rekodi ni fupi na vifaa vilikuwa duni kwa kipimo cha leo. Lakini sauti, ala, kabila na jina vimekaa pamoja, na kwa sababu hiyo mwanafunzi wa leo anaweza kuanza kazi.

8.0 Hitimisho

Mhadhara huu haukusudii kuwazuia wasanii wala kuwapa Waswahili sababu ya kuudharau muziki mzito. Wapo wanaouita ushetani, kama walivyokuwapo walioziita ushetani ngoma za mizimu. Hukumu zote mbili hutolewa kabla ya kusikiliza. Albamu ya kisasili ni ndugu wa utendi. Zote mbili huchukua jambo lililo kubwa kuliko mazungumzo ya kawaida na kulitafutia sauti inayolitosha.

Kinachodaiwa ni kile ambacho mtunzi wa utendi alijidai mwenyewe. Kwa kila kisasili kinachochukuliwa na yaulizwe mambo matatu: nani amesimulia, kwa lugha gani, na kwa idhini ya nani. Majibu yake na yachapishwe panapoonekana. Hii si kazi ya mwanamuziki peke yake. Idara za Kiswahili, ambazo wanafunzi wao hutoka Mufindi, Njombe, Rungwe na Makete, zinaweza kuifanya kuwa sehemu ya mafunzo: mwanafunzi arekodi kwa lugha ya msimuliaji kwanza, atafsiri kwa Kiswahili baadaye, na jina la msimuliaji litangulie la mtafiti. Kiswahili kikifanya hivyo hakitakuwa kifuniko cha lugha za nyanda hizo. Kitakuwa kiungo kimoja katika isnadi, kinachojua kilichopokea na kwa nani.

Karatasi ya Mgololo huanza na mti uliopandwa kwa mstari na kuhesabiwa. Kisasili kitakachoandikwa juu yake kinastahili uangalifu usiopungua huo.